Mtoto njiti: kwa nini muuguzi hutazama kwanza, mkono ukaja baadaye

Dadangu alijifungua mtoto wa kike katika wiki ya 29, kilo moja na gramu mia moja. Siku ya pili tuliruhusiwa kumuona, mimi na mamangu. Ndani ya inkubeta kulikuwa na kiumbe kidogo chekundu kilichovishwa kofia ya sufu, mrija puani, waya kifuani na mguuni. Muuguzi alikuja, akasimama kando ya kioo mikono nyuma, akamtazama mtoto kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Akaangalia monita, akaandika kwenye chati, akaenda kwa mtoto wa pili. Hakumgusa.

Mamangu amelea watoto sita na wajukuu wasiohesabika kwa vidole vya mikono miwili. Alitoka mle ndani hukumu yake iko tayari: “Mtoto hashikwi. Hawa washamkatia tamaa.” Jioni ile simu zikapigwa hadi Lamu na hadi Maskati, na kufikia isha ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba asubuhi mtoto ataondolewa apelekwe hospitali nyingine. Aliyetuzuia ni sista wa zamu ya usiku. Alituita kando, akatueleza kwa dakika kumi jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: kwamba kumwacha mtoto wa aina ile atulie ni sehemu ya matibabu yake, kuna utaratibu wake, na kila mkono unaoingia ndani ya inkubeta una gharama anayoilipa mtoto.

Mimi si daktari. Lakini tangu siku zile nimesoma na kuuliza sana, na nimegundua kwamba familia nyingi hapa Pwani hupitia kisa kama chetu bila ya kumpata sista wa kuwaeleza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Anachopoteza akiguswa

Mimba huhesabiwa kutimia kuanzia wiki ya 37. Anayezaliwa kabla ya hapo ni njiti, na makala haya yanawahusu zaidi walio chini ya wiki 32, wale wanaolazwa kwenye uangalizi mahututi wa watoto wachanga. Mtoto wa wiki 28 huwa na uzani wa kilo moja hivi. Damu yote iliyo mwilini mwake ni kama mililita 90: vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu, basi. Hata damu ya vipimo, ambayo mtu mzima hutolewa akaenda zake, kwake ni ya kuhesabiwa, na daktari mwangalifu hukusanya vipimo ili vitolewe kwa mchomo mmoja badala ya kumchoma asubuhi, adhuhuri na jioni.

Tuanze na joto. Yale mafuta maalumu ambayo mtoto mchanga huyachoma kujitia joto hujazwa katika miezi ya mwisho tumboni, na huyu hakuimaliza. Hatetemeki akihisi baridi kama sisi. Ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba maji hupotea kupitia kwayo, na maji yakiondoka huondoka na joto. Wauguzi hutaka joto la mwili wake likae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kila kidirisha cha inkubeta kinapofunguliwa hewa ya joto hutoka, na mtoto hutumia nguvu kujirudishia joto, nguvu ambazo zingekwenda kwenye kuongeza gramu. Mwenye duka la rejareja atanielewa haraka: mtaji ni mdogo mno, na kila usumbufu ni matumizi.

Pumzi nayo ni hivyo hivyo. Sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua haijakomaa, kwa hivyo njiti husahau kupumua kwa sekunde kadhaa na mapigo ya moyo yakateremka pamoja. Mwaka 1980 madaktari watatu wa Marekani, Long, Philip na Lucey, walichapisha utafiti wao katika jarida la Pediatrics. Walitumia kifaa kinachopima oksijeni kupitia ngozi, bila ya kutoa damu, na kinachoonyesha namba mfululizo mchana na usiku. Wakaona kwamba mara nyingi oksijeni ya mtoto ilipoanguka, kulikuwa na mtu anayemshika wakati huo huo: anamgeuza, anamvuta makamasi, anampima. Kazi zote hizo ni za nia njema. Wahudumu walioweza kuziona zile namba walijifunza kuachia mapema, na watoto wao wakakaa muda mfupi zaidi bila oksijeni ya kutosha.

La kutisha zaidi ni ubongo. Ndani ya ubongo wa njiti kuna eneo lenye mishipa midogo ya damu ambayo kuta zake ni laini mno. Eneo hilo hunywea lenyewe mimba inapokaribia kutimia, lakini kwa njiti bado lipo. Shinikizo la damu likipanda na kushuka ghafla, mishipa ile inaweza kupasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo. Sehemu kubwa ya uvujaji wa namna hii hutokea katika saa 72 za mwanzo baada ya kuzaliwa, na ukiwa mkubwa unaweza kuua au kumwachia mtoto ulemavu wa maisha. Akilia kwa nguvu, akigeuzwa shingo ghafla, akinyanyuliwa miguu juu kubadilishwa nepi, mwendo wa damu kichwani hubadilika. Ndiyo maana katika wodi nyingi siku tatu za kwanza kichwa cha mtoto huwekwa sawasawa na mwili, kisielekee kulia wala kushoto, na nepi hubadilishwa kwa kumviringisha ubavu kidogo. Ile namna yetu ya nyumbani, ya kukamata vifundo viwili na kuinua, kwake ni hatari.

Sasa rudi kwenye uamuzi wetu wa usiku ule. Mtoto alikuwa na siku mbili. Sisi tuliolalamika kwamba haguswi tulikuwa tunajiandaa kumtoa kwenye joto, kumpakia garini na kumpitisha kwenye matuta ya barabara. Wako watoto wanaolazimika kuhamishwa, na huhamishwa kwa maandalizi, na inkubeta ya safari na muuguzi kando. Kwa yule wetu hakukuwa na sababu yoyote isipokuwa kutoelewa.

Muuguzi anavyompima bila ya kumsumbua

Yule aliyesimama mikono nyuma alikuwa kazini. Macho peke yake hukusanya mengi: rangi ya midomo na ngozi, pua kama zinatanuka, nyama za katikati ya mbavu kama zinavutwa ndani kila anapopumua, tumbo kama limevimba, mikono na miguu imekunjwa au imelegea kama kitambaa. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, kwa sababu njiti hupumua mbio kisha husita, na ukihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne utapata namba ya uongo. Kawaida huwa kati ya 40 na 60. Mapigo ya moyo na oksijeni anayasoma kwenye monita, ikiwa ipo. Yote haya yamekamilika na kidirisha bado kimefungwa.

Wakati wa kugusa ukifika, muuguzi mjuzi haingii ghafla. Huosha mikono, huipasha joto, huzungumza na mtoto kwa sauti ya chini, kisha huweka kiganja juu yake kikatulia pale kabla ya kufanya chochote. Kupapasa kwa ncha za vidole, jambo ambalo sisi wote hulifanya kwa mapenzi, humkera njiti kuliko mkono mzima uliotulia.

Baada ya hapo kuna mpangilio, na mantiki yake ni kwamba linaloudhi zaidi huja mwisho. Kifaa cha kusikilizia kifua hupashwa joto kiganjani, halafu moyo na mapafu husikilizwa kwanza mtoto angali ametulia, kwani akishaanza kulia hutasikia kitu. Sauti za tumbo husikilizwa kabla ya tumbo kubonyezwa. Kisha joto la kwapani, mahali palipotiwa sindano ya dripu kama pamevimba, kile kidude cha kupimia oksijeni kihamishiwe mguu wa pili kisije kikamchubua. Nepi. Kumbadilisha ulalo. Maziwa kupitia mrija huja baada ya vurugu zote, apewe halafu aachwe alale nayo. Gundi za kubandikia waya na mirija hubanduliwa taratibu, kwa maji au mafuta, maana ngozi ya njiti huweza kutoka pamoja na plasta.

Kazi hizi hukusanywa zifanywe kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida kila baada ya saa tatu, na katikati ya mikupuo hiyo mtoto huachwa. Daktari akitaka kumkagua husubiri wakati ule ule, na mtu wa maabara naye. Kuna sababu ya kulinda ule usingizi: njiti hulala sehemu kubwa ya siku, na ubongo wake hukua katika usingizi huo. Ukimwamsha kila nusu saa hufikii popote.

Ambako wahudumu wanatosha, kazi hufanywa na mikono minne. Mmoja anapima au anachoma, mwingine anamshikilia mtoto kichwa na miguu imekunjwa kuelekea tumboni, kama alivyokuwa akikaa ndani ya mamake. Hapa kwetu mara nyingi mikono miwili ya ziada ni ya mama mwenyewe, na hilo si baya. Akimaliza, mtoto huzungushiwa leso iliyoviringishwa ikawa kama kiota, ili miguu na mikono ipate pa kuegemea. Leso ya pamba iliyofuliwa ikaanikwa juani hufanya kazi nzuri kabisa; hakuna haja ya kununua kitu cha bei.

Mtoto husema

Mwanasaikolojia Heidelise Als, aliyefanya kazi Boston, alieleza mwaka 1982 kwamba tabia za njiti ni lugha. Kutokana na kazi yake ukatoka mpango mzima wa kuwafundisha wauguzi kumsoma mtoto mmoja mmoja. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kama mpango huo wote hubadilisha maisha ya mtoto miaka ya baadaye, lakini ishara alizozipanga zimebaki zikitumika karibu kila mahali, na mzazi yeyote anaweza kuzijifunza kwa siku mbili.

Akitanua vidole kama mtu anayesema “basi”, akipinda mgongo, akigeuza uso, akipiga kwikwi, miayo au chafya mfululizo, amechoka. Ngozi ikibadilika rangi ikawa na madoadoa, pumzi zikienda mbio au zikasita, moyo ukateremka, amechoka sana. Hapo kazi husimamishwa, mkono hutulia juu yake, anapewa dakika chache ajikusanye, na kama kilichobaki si cha dharura kinaahirishwa. Kwa upande wa pili, mtoto anayeleta mkono mdomoni, anayenyonya hewa, anayeshika kidole chako na uso wake umelainika, huyo yuko tayari kwa mengine.

Miayo ndiyo iliyonishangaza. Mara ngapi tumesimama mbele ya kioo tukicheka, “Mtazame anavyopiga miayo,” huku mtoto anatuomba tuondoke?

Maumivu yana mlango wake hapa. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, hata upasuaji ulifanywa kwa dawa hafifu. Mwaka 1987 Anand na Hickey waliandika katika New England Journal of Medicine na kuivunja imani hiyo. Na bado, utafiti wa Ricardo Carbajal na wenzake katika jimbo la Paris, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia watoto wachanga 430 na kukuta kwamba wa kati yao alifanyiwa matendo kumi yenye maumivu kwa siku, mengi bila dawa wala chochote cha kumtuliza. Hiyo ni Ufaransa yenye kila kitu. Kumtuliza si lazima kuwe na dawa ya duka: matone ya maziwa ya mama ulimini dakika mbili kabla ya sindano, kunyonya kidole kisafi, kushikiliwa amekunjwa, na bora ya yote kuwa kifuani mwa mamake.

Tena kukusanya kazi kuna mpaka. Watafiti Liisa Holsti na Ruth Grunau wa Kanada walionyesha mwaka 2005 kwamba njiti aliyetoka kuchomwa damu huhangaika zaidi anapofanyiwa mfululizo wa huduma muda mfupi baadaye. Mkupuo wa kazi ukiwa mrefu mno nao humuumiza, hasa aliye mdogo zaidi. Muuguzi anayefululiza vitu kumi ili “mtoto apumzike baadaye” huku monita inalia amefuata ratiba akamwacha mtoto.

Kumwacha atulie na kumtupa

Hapa ndipo nataka kusema wazi, kwa sababu hofu ya mamangu haikutoka hewani. Uingereza, mtoto aliye mahututi hukusudiwa kuwa na muuguzi wake peke yake. Katika hospitali zetu za umma, muuguzi mmoja kuwa na watoto kumi na kuendelea kwa zamu si jambo geni, na wakati mwingine watoto wawili hulazwa kitanda kimoja. Katika hali kama hiyo “tunampumzisha” linaweza kuwa jina zuri la kutokuwa na mtu wa kumtazama. Familia ina haki ya kutofautisha.

Tofauti iko kwenye macho na kwenye karatasi. Mtoto anayepumzishwa hutazamwa mara nyingi kuliko mwingine. Kilichopunguzwa ni mikono. Chati yake inajazwa: joto, pumzi, mapigo, oksijeni, maziwa aliyopata, nepi ngapi. Ulalo wake hubadilishwa, maana akilala upande mmoja kutwa ngozi huchubuka. Akisahau kupumua mtu humfikia mara moja, humsugua mgongo, na ikibidi humpa hewa kwa barakoa. Hapo habari ya kutomgusa imekwisha. Mtoto ambaye chati yake ni tupu tangu asubuhi, nepi imelowa hadi kwenye shuka, na hakuna anayeweza kukwambia alikunywa nini saa sita, huyo hapumzishwi. Uliza, kwa adabu, na uulize kwa mkuu wa wodi kama hukujibiwa.

Swali zuri, kwa uzoefu wangu, si “mbona hamumshiki?” Swali hilo humfanya sista ajitetee. Muulize: “Saa ngapi mtamhudumia tena, na ninaweza kusaidia nini wakati huo?”

Kwa sababu ukweli wa wodi zetu ni kwamba mgusaji mkuu ni mama. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, mchana na usiku, kina mama huitwa wakakame maziwa, wawape watoto kwa mrija au kikombe, wabadilishe nepi. Utafiti mzuri kutoka Boston au Vancouver hautamfaa mtoto wa Msambweni kama mama huyu hajaonyeshwa kuinua kwa kuviringisha, kuweka kiganja badala ya kupapasa, na kusimama mtoto anapotanua vidole. Dakika kumi za maelezo. Naamini zingepaswa kutolewa siku ya kwanza kwa kila mama, na wala hazihitaji mashine.

Mikono hii hii ndiyo inayobeba vijidudu. Klebsiella, ambayo huua watoto wachanga wengi barani Afrika, husafiri wodini kwa mikono na vifaa kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Kwa hivyo mama asimsaidie jirani yake kumshika mtoto bila ya kuosha mikono kwanza, hata kama jirani yuko chooni na mtoto analia. Pete, bangili na saa hubaki nje. Hina si tatizo.

Kifua cha mama hakihesabiwi

Kuna kosa moja ambalo hata wahudumu wengine hulifanya: wakisikia “mguseni kidogo” humweka mama mbali naye. Kumbe kifua cha mama ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko inkubeta, na maambukizi yalikuwa yanawamaliza. Akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa. Ndiyo huduma ya kangaruu tunayoijua leo. Kwa miaka mingi ilitolewa baada ya mtoto kutengemaa. Kisha Shirika la Afya Duniani likaendesha utafiti katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambamo watoto 3,211 wenye uzani kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walihusika. Kundi moja liliwekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, kabla ya kutengemaa, na wakakaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya watoto wa kifuani, na asilimia 15.7 ya wale waliosubiri. Utafiti ulikatishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la pili. Mwaka 2022 shirika hilo likapendekeza njiti aanze kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa nane hadi 24 kila siku, ila tu akiwa hawezi kupumua mwenyewe, akiwa na mshtuko wa mwili au akihitaji mashine ya kumpumulia.

Kinachochosha ni kumtoa na kumrudisha. Kwa hivyo akishawekwa kifuani aachwe si chini ya saa nzima, ikiwezekana zaidi, na vipimo vingi vichukuliwe hapo hapo alipo: pumzi, joto, moyo, hata sindano. Mama akichoka, baba anaweza kumbeba, na nyanya, na khalati. Mamangu alipoambiwa hilo alinyamaza kwa muda mrefu.

Mambo yetu ya nyumbani

Adhana sikioni. Hili huulizwa sana, na huombwa na baba aliyesimama mlangoni na haya. Haina tatizo, almuradi aoshe mikono, asubiri saa ya huduma, na asome kwa sauti ya chini kabisa, ya kunong’ona. Madaktari wa watoto Marekani wamependekeza kelele za wodi za namna hii zisipite desibeli 45, ambayo ni chini ya mazungumzo yetu ya kawaida. Kugonga kioo kwa kidole, kuweka chupa juu ya inkubeta, kufunga mlango wake kwa kishindo, yote hayo ndani husikika kama ngoma.

Tende ya kumlambisha isitiwe mdomoni bila ya idhini ya daktari. Utumbo wa njiti haujawa tayari, na asali haifai kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka. Upande wa dini muulizeni shekhe wenu, mimi si mahali pangu. Niliyemuuliza mimi aliniambia msubirini mtoto.

Kumkanda ndilo lililotupa kazi. Kwetu mtoto asiyekandwa kwa mafuta huhesabiwa kama hajapokewa. Kwa njiti aliye chini ya uangalizi, kuvuta viungo na kubonyeza kichwa “kipate sura” kuachwe kabisa, na mafuta yoyote yaulizwe kwanza. Uzi mweusi wa mkononi na wanja pia vibaki nyumbani: uzi hukata ngozi ile na huficha uchafu.

Leso ya kufunika inkubeta kukinga mwanga ni jambo jema, lakini panapokosekana monita iachwe wazi upande wa uso. Mtoto aliyefunikwa gubigubi haonekani akibadilika rangi.

Mpwa wangu alikaa wodini wiki saba. Akatoka na kilo mbili, na sista akamwambia dadangu aendelee na kangaruu nyumbani mpaka mtoto mwenyewe aanze kupiga mateke kutaka kutoka. Wageni walikuja, kama ilivyo desturi. Mamangu aliweka ndoo ya maji na sabuni barazani, akakaa kiti mlangoni, na wengi wao walimuona mtoto kwa macho tu.